Dawa ya Sakafu

Pale kazini waliniita Chuma, na mimi nilijiona nimelipwa. Wengine hupewa cheo, wengine hupewa saa ya ukutani siku wanapostaafu. Mimi nilipewa jina, tena na wanawake kumi na wawili ambao si wepesi wa kumsifu mtu. Nilikuwa msimamizi wa chumba cha pasi katika kampuni ya kufua nguo. Tulinyoosha mashuka ya hoteli tatu na hospitali moja, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kuniona nimekaa kabla ya saa saba mchana.

Niseme jambo moja mapema, maana nimechoka kulizungukazunguka. Zamani chumba kile kilikuwa na stuli nne, ambazo mwenye mali alizinunua kwa hiari yake bila kuombwa na mtu. Mimi ndiye niliyezipeleka stoo. Nilimwambia kwamba mtu akipiga pasi amekaa mkono unakosa uzito, na shuka linatoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Akaniamini. Tangu siku hiyo kusimama kukawa ndiyo ada ya chumba chetu. Mgeni aliwekwa meza ya jirani na yangu wiki nzima, na akishika kiuno tu, wenzake walimwuliza mimba ina miezi mingapi. Mimi nilicheka nao, na mara nyingine nilianza kucheka kabla yao.

Kisha visigino vyangu vikanigeuka. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari. Nilikwenda bafuni nimeshika ukuta, nikiomba asiamke mtu akanikuta vile. Kazini, ikifika saa nne, maumivu yalikuwa yameshapanda mpaka kwenye mashavu ya miguu, na mimi nimekaza uso, nawaambia watu wakaze mikono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikiitumia methali hiyo kwa watu wengine.

Miezi mitano baadaye nilienda kliniki. Nilizipita mbili zilizo karibu na kwangu, nikaenda ya tatu, mtaa ambao hakuna anayenijua. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo alinibonyeza kisigino kwa kidole gumba, nikaruka, nusura nimpige teke. Akaniuliza nasimama juu ya sakafu ya nini. Nikamwambia saruji. Akatikisa kichwa, akanifundisha kunyoosha mguu kwa taulo, kisha akanipa soli laini za kuweka ndani ya viatu. Zilikuwa za buluu, nene kwenye kisigino, na zimeinuka kidogo pale unyayo unapobonyea. Kuna neno alilolirudia mara mbili: nisikanyage sakafu ngumu miguu mitupu, hata nyumbani, hata hatua kumi.

Nilipofika nyumbani nilifunga mlango wa chumba changu, nikabandua kitambaa cha ndani cha viatu vyangu vya kazi, nikaingiza soli zile chini yake, nikarudishia kitambaa kwa gundi. Mtu angechungulia ndani ya kiatu asione kitu. Wiki ya tatu niliamka nikafika bafuni bila kugusa ukuta. Nililia kwa furaha, bomba nimelifungua ili nisisikike.

Ungedhani mtu aliyepata nafuu ya namna hiyo angemwambia mwenzake. Na mwenzangu wa kumwambia nilikuwa naye. Meza iliyofuata yangu alisimama shoga yangu wa tangu siku ya kwanza, tuliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ugonjwa wa sukari na mkebe wa karanga mfukoni. Redio alijua nani kagombana na mumewe kabla mume mwenyewe hajajua. Kumwambia Redio siri ni kumwaga mtama penye kuku wengi. Nilimfikiria akitangaza kwamba Chuma anatembelea magodoro, nikaona afadhali nizikwe na viatu vyangu miguuni.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa mkwe wangu alipoanza kazi. Ni mke wa mwanangu, tunaishi naye nyumba moja, na duka alilokuwa akiuza lilikuwa limefungwa, kwa hiyo nikamwombea nafasi kwetu. Ni binti mpole, na neno la mkubwa kwake ni neno. Mimi mwenyewe nilimsifu kwa hilo siku ya harusi, kwenye kipaza sauti. Wiki tatu za kwanza alipiga pasi foronya bila kusema lolote. Wiki ya nne nikamwona anatembea kwenda chooni kama anayepita juu ya changarawe za moto.

Saa nne tulikuwa tunakunywa chai, tumesimama kando ya meza kama kawaida yetu. Mkwe wangu akanigeukia mbele ya watu wote, kwa heshima zake zote, akaniuliza, "Mama, wewe ulifanyaje mpaka miguu ikazoea?"

"Na mimi nimengoja miaka kumi na minne kuuliza hilo," Redio akadakia. "Chuma, leo toa dawa yako hadharani."

Wote wakanitazama, vikombe mkononi. Jibu la kweli lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimelikanyaga. Sijui kwa wengine, lakini mimi nikibanwa huwa situngi uongo kutoka hewani. Nachukua kweli iliyo karibu, naigeuza ndani nje kama foronya. Kilicho karibu kilikuwa yale maneno ya mama wa kliniki.

"Sakafu," nikasema. "Nilikuwa nasimama peku juu ya saruji nyumbani, nusu saa kila asubuhi; asiye na nafasi, hata hapa wakati wa chai unatosha. Unyayo ukishaizoea saruji, hauna kingine cha kuogopa."

Nilidhani yataishia pale. Uongo wa wakati wa chai hufa na chai.

Kesho yake alfajiri nilikwenda jikoni kubandika maji, nikachungulia dirishani. Mkwe wangu alikuwa kibarazani amesimama peku juu ya saruji, kandambili zake amezipanga pembeni, simu mkononi inamhesabia dakika. Kulikuwa na baridi. Aliunyanyua mguu mmoja kidogo, kisha akaurudisha upesi, kama mtu aliyejikamata mwenyewe akiiba. Mwanangu alitoka akamtania kwamba anapiga doria, naye akamjibu kwamba anafuata nyayo za mama.

Nilikuwa umbali wa kunyoosha mkono. Ningefungua dirisha nikasema, mwanangu, vaa kandambili, mama yako ni mwongo. Maneno saba tu, nayo yangemaliza kila kitu. Nilichofanya ni kuondoka dirishani ili asije akanipungia mkono.

Alisimama hivyo siku tisa. Ya kumi alirudi kutoka kazini akivuta mguu, akajilaza na viatu, na nikamsikia akimwambia mumewe kwamba labda yeye ni mlegevu tu, maana mama aliweza. Niliona aibu, nikaacha chakula mezani. Lakini kuna aibu inayomfanya mtu aseme, na kuna aibu inayomfanya mtu ajifiche zaidi. Yangu ilikuwa ya pili.

Nilirudi kliniki ile ya mbali nikanunua jozi nyingine. Siku yetu ya mapumziko, mkwe wangu alipokwenda kusuka, nilichukua viatu vyake vya kazi, nikabandua kitambaa, nikaingiza soli, nikapaka gundi, nikavirudisha mlangoni vikielekea upande uleule aliouacha. Nilijiona nimetenda wema. Nililala vizuri siku hiyo, na hilo nalo nalitaja ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Kabla wiki mbili hazijaisha mkwe wangu alikuwa anaimba jikoni. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, akasema dawa yangu imefanya kazi. Hata kiatu kinamjaa sasa, alisema, ina maana unyayo umepata nguvu. Nikamwambia hongera. Ningesema nini kingine?

Sikufikiria kwamba mtu aliyepona hutoa ushuhuda. Saa nne ya siku iliyofuata aliweka kikombe chini akawaeleza wenzake, yeye ambaye huwa hasemi, jinsi alivyokuwa hawezi kufika chooni, na jinsi sakafu ilivyomponya. Alisema kwa moyo wake wote. Nimesikia wahubiri wengi, lakini sijaona watu wakiongoka haraka vile. Kesho yake viatu vilipangwa ukutani, na wanawake kumi na wawili walikunywa chai peku juu ya saruji, wakiumauma meno na kuchekana. Mmoja aliniuliza kwa nini mimi sivui.

"Mimi nimeshahitimu," nikamjibu.

Walicheka sana. Mimi peke yangu nilisimama mbele yao nimevaa viatu, juu ya godoro langu la buluu.

Sasa nieleze kuhusu pini. Kila furushi la nguo kwetu huwekwa karatasi yenye namba ya mteja, na karatasi hiyo hushikizwa kwa pini. Pini huanguka. Ndiyo maana viatu vilikuwa ni lazima chumbani mwetu, na ndiyo maana kila jioni nilipitisha sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, nikaokota pini thelathini, arobaini. Kazi hiyo sikumwachia mtu, kwa sababu najua sumaku huacha zilizojificha kwenye nyufa. Kwa hiyo asije mtu akasema sikujua. Nilianza kuipitisha na saa nne kasorobo pia, nikajiita mwangalifu.

Mwezi ukapita. Wengine walichoka na dawa ile, wakarudia viatu vyao kimyakimya, lakini Redio aliishikilia kama kiapo. Siku moja alinivuta pembeni ya mashine, akanong'ona, jambo ambalo kwake ni gumu.

"Chuma, imenikubali," akaniambia. "Miguu ilikuwa inanichoma kama pilipili. Sasa haisikii kitu. Hata ukiniwekea pasi hapa, sisikii. Nimekuwa kama wewe."

Nilikuwa nimesikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba sukari hula hisia za miguu. Wazo hilo lilipita kichwani mwangu mchana kweupe, likiwa zima kabisa, nikaliona. Lakini alivyosema "kama wewe" alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu ninayempenda, na kwa muda mfupi nilifurahi. Nikampiga begani, nikamwambia asiache.

Siku chache baada ya hapo, wakati wa chai, mkwe wangu aliona doa jekundu sakafuni. Kulikuwa na jingine mbele yake, na jingine. Kila aliyekuwa peku alishika bega la mwenzake akainua mguu kujikagua, wakayumba wote kama kuku wa mguu mmoja, vicheko juu. Redio ndiye aliyecheka zaidi. Alibaki amesimama palepale na kikombe chake, miguu yote chini.

"Mimi hata siangalii," alisema. "Lingekuwa langu si ningesikia?"

Hakuna aliyepatikana na jeraha. Nilichukua tambara bichi nikafuta yale madoa, nikasema labda ni kutu ya bomba, nikawaambia warudi kazini. Lile la mwisho lilikuwa karibu kabisa na meza ya Redio. Nililifuta kama mengine.

Siku ya tisa baada ya madoa yale Redio hakuja. Ya kumi tukasikia yuko hospitali. Binti yake alikuwa amesikia harufu mbaya chumbani, akatafuta panya aliyekufa, kumbe harufu ilitoka kwenye soksi ya mama yake. Pini ilikuwa bado imo, kati ya vidole viwili vya mguu wa kulia, na nyama imeshaharibika. Walikata vidole vyote viwili, na wakasema watangoja kuona kama mguu utabaki.

Binti huyo alikuja kazini kuchukua vitu vya mama yake: aproni, kikombe, mkebe wa karanga. Alivikusanya kwanza. Kisha akasimama katikati ya chumba, akauliza bila kupandisha sauti, "Nani alimwambia mama yangu asimame peku?"

Pasi zilikuwa zinapumua mvuke, basi. Nilikuwa na shuka mezani. Nilifungua mdomo, nawahakikishia nilifungua, lakini kabla neno halijatoka nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ni mimi, dada," mkwe wangu akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia inaponya. Mimi iliniponya."

Yule binti alimtazama. Akasema, "Haya. Mungu anakuona," akaondoka na mfuko wake.

Mimi nikafunga mdomo. Nililipiga pasi shuka lile mara tatu. Nilijua wakati ule ule kwamba nafasi imepita na kwamba nimeiacha ipite kwa makusudi, na nilijisikia mwepesi, Mungu anisamehe. Wenzetu hawakumsemesha tena mkwe wangu siku nzima. Mtu mmoja alihamisha kikombe chake kutoka kwenye meza ya mkwe wangu.

Jioni nyumbani alikaa jikoni akichambua mboga, machozi yakidondokea kwenye ungo. Aliniambia kesho saa za kuona wagonjwa ataenda hospitali kumpigia Redio magoti, kisha ataacha kazi, kwa sababu hawezi kuwatazama watu usoni. Nilimwambia asifanye haraka. Akajifuta uso kwa kanga, akanitazama kwa huruma, mimi, akasema:

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Jina lako sikulitaja, na sitalitaja."

Nimetukanwa maishani mwangu na watu wanaojua kutukana. Hakuna tusi lililowahi kunifika pale lilipofika neno lile. Alikuwa ananisitiri. Binti niliyemlisha uongo alikuwa amejitwika mzigo wangu, na alidhani ananiokoa na lawama ya dawa ya kweli iliyomdhuru mtu kwa bahati mbaya. Nilisema nina usingizi, nikaenda chumbani, nikakaa juu ya kitanda nikiwa na viatu miguuni.

Kesho yake saa nne, chai ilipomiminwa, nilivua viatu vyangu nikaviweka juu ya meza ya pasi, juu ya shuka safi. Hakuna aliyewahi kuniona nikifanya hivyo hata siku moja. Nilichukua mkasi wa kukatia nyuzi, nikachokonoa kitambaa cha ndani, nikachomoa soli moja, kisha ya pili. Zilikuwa zimebonyea umbo la miguu yangu. Nikamwomba mkwe wangu anipe kiatu chake kimoja. Alinipa bila kuuliza kitu, kama anavyonipa kila ninachomwomba. Nikakichokonoa na chenyewe, nikatoa soli ya buluu, nikaiweka kando ya zangu.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nilipoyatafuta, yalikuwa machache. Niliwaambia kwamba sijawahi kusimama peku juu ya saruji hata siku moja. Niliwaambia kliniki walinikataza, na kwamba nililigeuza katazo lao kuwa dawa kwa sababu sikutaka Redio anicheke. Niliwaambia mkwe wangu aliponywa na soli nilizomwekea kwa siri, si na sakafu, na kwamba jana alibeba lawama isiyo yake mbele yangu, nikamwacha aibebe. Miguu yangu ilikuwa juu ya saruji kwa mara ya kwanza, na visigino vilianza kulalamika kabla sijamaliza.

"Kumbe," mmoja akasema, upande wa mashine.

Mkwe wangu alichukua kiatu chake cha pili. Akaingiza vidole ndani, akabandua kitambaa mwenyewe, akaitoa soli iliyobaki, akailaza juu ya meza karibu na nyingine. Alizipanga vizuri, kisigino kwa kisigino. Kisha akavaa viatu vyake vitupu, akarudi kwenye foronya zake. Nilimwomba azivae, nikamwambia ni zake. Akasema, "Asante, Mama," bila kugeuka, na hakuzigusa. Wale waliokuwa wamemtenga jana walikwenda kusimama mezani kwake, mmoja baada ya mwingine, na kwangu hakuja mtu.

Mchana niliomba ruhusa, nikaenda hospitali peke yangu.

Redio alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo, umewekwa juu ya mto. Alikuwa amekonda usoni. Aliponiona alianza kutangaza kama kawaida: mgonjwa wa jirani anakoroma kama jenereta, nesi wa zamu ya asubuhi ana wachumba wawili, na shuka alilolalia lina makunyanzi, nani huyo aliyelipiga pasi, maana ni letu, amelitambua kwa upindo wake. Nilicheka mahali pa kucheka. Kisha akapunguza sauti.

"Mguu wanasema utabaki," akaniambia. "Nikitoka nitaanza tena taratibu na sakafu. Nilikuwa nimeshafika mbali, Chuma. Pini nzima sikuisikia."

Nilitoa soli kwenye mfuko nikamweleza. Safari hii sikutafuta maneno. Nilimweleza yote, na la doa nililolifuta karibu na meza yake, na la siku aliyoninong'oneza, kwamba nilijua na nilimwambia asiache. Redio alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Katika miaka kumi na minne ilikuwa mara ya kwanza.

Aliponyamaza vile niliogopa. Akanyoosha mkono, nikampa soli moja. Aliibonyeza kwa kidole gumba penye kisigino, akaiachia, akaangalia jinsi inavyojirudi. Akabonyeza tena.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekutangaza chumba kizima. Tungekucheka siku moja. Mbili, kwa kuwa ni wewe. Halafu yangekwisha, na mimi ningekuuliza zinauzwa wapi."

Alinirudishia soli, akageuza uso dirishani. Nilibaki nimesimama kando ya kitanda. Nilitaka anitukane, anifukuze, aite nesi, chochote kile ambacho ningeweza kukipokea nimesimama. Machozi yalimtiririka mpaka sikioni, hakuyafuta. Baada ya muda mrefu alikionyesha kiti cha wageni kwa kidevu, bila kunitazama.

"Kaa," akasema. "Miguu inakuuma."

Nikakaa. Na katika yote niliyoyasimulia hapa, sikuona aibu popote kama niliyoiona juu ya kiti kile.